Christy Mathewson, Mtupaji Mpira

Katika nchi ya Marekani uko mchezo mmoja wa mpira ambao watoto huuanza wangali wadogo, kama watoto wa kwetu wanavyoanza kupiga teke mpira wa matambara uani. Jina lake ni besiboli. Wako watu wazima ambao kazi yao ni kuucheza, nao hulipwa mshahara kwa kazi hiyo, kama fundi alipwavyo kwa ufundi wake. Miongoni mwa wachezaji wa namna hiyo alikuwako mtu mmoja aliyeitwa Christy Mathewson. Amekwisha kufa zamani, lakini jina lake lingali likitajwa kwa heshima. Habari zake zafaa kusomwa hata na mtu ambaye hajapata kuuona mchezo wenyewe.

Yafaa kwanza tueleze mchezo ulivyo, maana asiyeujua mchezo hataelewa sifa za mchezaji. Timu ni mbili, na kila moja ina watu tisa. Timu moja hukaa uwanjani, na ya pili hutoa wapigaji, mmoja baada ya mmoja. Katikati ya uwanja husimama mtupaji, ameshika mpira mdogo, mgumu, uliofunikwa kwa ngozi. Mbele yake, mwendo wa futi 60 na inchi 6, husimama mpigaji mwenye gongo la mti, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mtupaji huutupa mpira kwa nguvu, na mpigaji hujaribu kuupiga. Akiupiga vema, hukimbia kuzunguka vituo vitatu, na akifaulu kurudi mahali alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Lakini akiukosa mpira mara tatu, hutolewa. Hutolewa pia ikiwa mpira alioupiga umedakwa kabla haujagusa chini. Watatu wakiisha kutolewa, timu hizo hubadilishana. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, kisha alama huhesabiwa.

Sasa ufikiri kazi ya mtupaji. Katika zamu hizo tisa yampasa awatoe wapigaji 27. Kosa moja dogo latosha kuwapa wapinzani alama. Mkono ukichoka, mpira hauendi pale anapotaka; akili ikitangatanga kwa dakika moja, mpigaji hodari huipata nafasi yake. Kwa hiyo mtupaji akimaliza mchezo wote, na wapinzani wasipate hata alama moja, watu husema kwamba amefanya kazi ya kiume. Ushindi wa namna hiyo ndio uliompa Mathewson jina kubwa.

Christy Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti mwaka wa 1880, katika mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, wenye kupenda elimu na dini. Mama yake alitumaini kwamba mwanawe atakuwa mhubiri. Kijana alisoma katika shule iliyokuwa palepale mjini kwao, na mwaka wa 1898 akaingia chuo cha Bucknell katika mji wa Lewisburg. Huko hakuwa mchezaji tu. Aliimba pamoja na waimbaji wa chuo, akaingia katika chama cha wapenda vitabu, na wenzake wa darasa wakamchagua kuwa mkubwa wao. Alikuwa mrefu, zaidi ya futi 6, mwenye mabega mapana na macho ya buluu, tena mpole wa maneno.

Siku zile wachezaji wa kulipwa hawakusifiwa kwa tabia njema. Wengi walijulikana kwa ulevi, kamari, matusi na ugomvi, hata hoteli nyingine hazikupenda kuwapokea. Mama yake alipoona kwamba mwanawe anaifuata kazi hiyo, moyo wake haukufurahi. Basi Christy akamwahidi kwamba hatacheza siku ya Jumapili. Katika miji mingine michezo ya Jumapili ilikuwa desturi, tena ndiyo iliyoleta watu wengi na fedha nyingi. Lakini ahadi aliyompa mama yake aliishika. Siku hiyo mwenzake mwingine alitupa mpira mahali pake.

Mwanzo wa kazi yake haukuwa mzuri. Mwaka wa 1900 alichezea timu ya mji wa Norfolk, akashinda michezo 20 na kushindwa 2 tu. Kwa ajili hiyo timu kubwa ya New York, iitwayo Giants, ikamnunua. Lakini alipofika New York alishindwa mara tatu, wala hakushinda hata mara moja, nao wakamrudisha alikotoka. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Wako vijana ambao wakirudishwa namna ile huona haya, wakaacha kazi. Yeye hakuacha. Timu ya Cincinnati ilimchukua, kisha ikambadilisha kwa mtupaji mwingine aliyeitwa Amos Rusie, ambaye alikuwa na sifa kubwa lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuharibika. Hivyo Mathewson akarudi tena New York, mahali palepale alipokataliwa. Mwaka wa 1901 alishinda michezo 20, na katika mchezo mmoja, tarehe 15 Julai, wapigaji wa St. Louis hawakupata hata pigo moja la kuwafikisha kituoni.

Siri ya kazi yake haikuwa nguvu peke yake. Wako waliotupa mpira kwa kasi kuliko yeye. Alijifunza kuupeleka mpira mahali hasa alipotaka, juu au chini, kulia au kushoto, kana kwamba anaupitisha kwenye tundu la ukuta. Alizikumbuka tabia za wapigaji, huyu apenda mpira wa juu, yule hupumbazwa na mpira wa polepole, naye hakusahau. Tena alikuwa na mtupo mmoja wa pekee. Mpira wa kawaida wa kupinda, ukitupwa na mtu atumiaye mkono wa kulia, huelekea upande mmoja. Wake ulipinda upande wa pili, ukishuka, hata mpigaji akalipiga gongo lake hewani. Mtupo huo uliuumiza sana mkono, na kwa hiyo aliutumia mara chache tu katika mchezo, wakati wa hatari. Hakumwaga nguvu zake zote mwanzoni ili asifiwe, bali aliziweka akiba kwa saa ya haja. Jambo hilo ni akili kubwa.

Mwaka wa 1905 ndio uliomfanya ajulikane katika nchi nzima. Wakati huo timu kubwa za Marekani ziligawanyika katika ligi mbili, na mwisho wa mwaka bingwa wa ligi moja alishindana na bingwa wa ligi ya pili. Mabingwa wa mwaka ule walikuwa Giants wa New York, chini ya kiongozi wao John McGraw, na Athletics wa Philadelphia, chini ya Connie Mack. Timu itakayotangulia kushinda michezo minne ndiyo itakayoitwa bingwa. Athletics walikuwa na watupaji hodari sana, ingawa mmoja wao, Rube Waddell, alikuwa ameumia asiweze kucheza.

Mchezo wa kwanza ulichezwa Philadelphia siku ya Jumatatu, tarehe 9 Oktoba. Mathewson akatupa mpira zamu zote tisa. Giants wakapata alama 3, na Athletics hawakupata kitu. Kesho yake, huko New York, Athletics wakalipa kisasi kwa kadiri ileile: wao 3, Giants hakuna, na mtupaji wao siku hiyo alikuwa Chief Bender. Sasa timu zilikuwa sawasawa.

Kwa desturi mtupaji akiisha kucheza mchezo mzima huupumzisha mkono wake siku kadha wa kadha. Lakini Alhamisi, tarehe 12, McGraw akamtoa Mathewson tena. Alikuwa amepumzika siku mbili tu. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumwona mara moja, na walidhani kwamba mkono wake utakuwa mzito. Haikuwa hivyo. Mpira wake ulikwenda palepale alipotaka, na zaidi ya hayo wapinzani wakafanya makosa mengi uwanjani. Giants wakapata alama 9, na Athletics hakuna. Ijumaa mtupaji mwingine wa Giants, Joe McGinnity, akashinda kwa alama 1 kwa sifuri. Ikabaki ushindi mmoja tu.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, uwanja wa New York ulijaa watu. Mathewson akatoka mara ya tatu, naye amepumzika siku moja tu. Aliyemkabili ni yuleyule Bender, ambaye Giants walikuwa hawajapata alama hata moja kwake. Siku hiyo kila alama ilikuwa kama dhahabu. Hata zamu ya tano Giants wakapata moja, na zamu ya nane wakapata ya pili. Mathewson hakuwapa Athletics nafasi. Walipokuja zamu yao ya mwisho, aliwatoa mmoja mmoja mpaka wakaisha. Alama zikawa 2 kwa sifuri, na New York wakawa mabingwa. Watu wakaruka ua, wakauingia uwanja kwa shangwe.

Tuhesabu kazi hiyo. Katika siku sita Mathewson alicheza michezo mitatu kamili, yaani zamu 27, na wapinzani wake, mabingwa wa ligi yao, hawakupata kwake hata alama moja. Wapigaji 18 waliukosa mpira wake mara tatu wakatolewa. Mtupaji akitupa mipira minne mibaya, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure; jambo hilo lilimpata Mathewson mara moja tu katika zamu zote zile. Miaka zaidi ya mia moja imepita tangu siku hizo, na katika michezo ya mabingwa hakuna aliyelifanya tena jambo la namna ile katika mwaka mmoja.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba mtu huyu alishinda sikuzote. Mwaka wa 1908 alishinda michezo 37, na katika 11 ya hiyo wapinzani hawakupata alama hata moja. Kwa hesabu huo ndio mwaka wake mkubwa kuliko yote. Lakini Giants na timu ya Chicago walimaliza sawasawa, ikabidi mchezo mmoja wa kukata shauri uchezwe tarehe 8 Oktoba. Mathewson alikuwa amechoka kwa kazi nyingi ya mwaka mzima, na mkono wake haukuwa na nguvu yake ya kawaida. Watu wote wa New York walimtumaini yeye, naye akatoka. Akashindwa, alama 4 kwa 2. Mwaka wa 1912 alifika tena karibu na ubingwa, na katika zamu ya mwisho ya mchezo wa mwisho mwenzake mmoja, Fred Snodgrass, akaangusha mpira mwepesi aliokuwa amekwisha kuupata mikononi. Boston wakashinda. Magazeti yalimlaumu sana Snodgrass, lakini Mathewson hakumgeukia mwenzake kwa hasira. Wahenga wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho mtu huyu alikuwa mshindani kweli.

Yafaa tuseme jambo moja lingine, ili habari iwe ya haki. Katika siku za Mathewson watu weusi wa Marekani walizuiliwa wasiingie katika timu za ligi kubwa, ijapokuwa walikuwako miongoni mwao watupaji na wapigaji wa ajabu. Walicheza katika timu zao wenyewe, na mishahara yao ilikuwa midogo. Zuio hilo lilidumu mpaka mwaka wa 1947, Jackie Robinson alipoingia katika timu ya Brooklyn. Kwa hiyo tunaposifu ushindi wa wale wa zamani, tukumbuke pia wale waliofungiwa nje ya ua, wasipewe nafasi ya kujaribu.

Mwaka wa 1916 Mathewson aliondoka New York, akawa kiongozi wa timu ya Cincinnati. Huko alikutana na shida ya namna nyingine. Alikuwako mchezaji wake mmoja, Hal Chase, hodari sana, lakini Mathewson alimwona akikosa kwa makusudi mipira ambayo hata mwanafunzi angeidaka. Akashuku kwamba mtu huyo anapokea fedha za wacheza kamari ili timu yake mwenyewe ishindwe. Viongozi wengi walijua habari zake wakanyamaza, kwa sababu alikuwa mchezaji mzuri, na watu walilipa kuja kumtazama. Mathewson hakunyamaza. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1918 alimsimamisha kazi, akamshtaki kwa wakubwa wa ligi. Kesi ilipoamuliwa, mwaka wa 1919, Mathewson mwenyewe alikuwa mbali, askari katika nchi ya Ufaransa, asiweze kutoa ushahidi. Na Chase akaachiliwa kwa kukosa uthibitisho.

Lakini mwisho wa mwaka huohuo wa 1919 ilionekana ya kuwa Mathewson hakuogopa bure. Wachezaji wa Chicago waliposhindana na Cincinnati, baadhi yao walipokea rushwa wakajiachia kushindwa. Mathewson alikuwa mtazamaji, ameketi karibu na mwandishi wa gazeti, Hugh Fullerton, na kwa jicho lake la ufundi alimsaidia kutambua michezo iliyokuwa na shaka. Mambo yalipofunuliwa, wachezaji 8 wa Chicago walifukuzwa katika ligi maisha yao yote. Mchezo wenye udanganyifu ni kama mizani iliyopunguzwa: anayeshinda hakushinda, na anayetazama ameibiwa.

Tumesema kwamba alikwenda Ufaransa. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya kwanza, Mathewson alijitoa kuwa askari, ingawa alikuwa na umri wa miaka 38, mwenye mke na mtoto. Alipewa cheo cha kapteni katika kikosi kilichoshughulika na hewa za sumu, maana katika vita ile sumu ilipeperushwa hewani ili kuwaua watu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha askari namna ya kujilinda. Katika kazi hiyo alivuta hewa ya sumu, akarudi kwao akikohoa. Mwaka wa 1920 madaktari wakamwambia kwamba ana kifua kikuu. Wengi walisema ya kuwa ile sumu ndiyo iliyoudhoofisha mwili wake. Lakini ndugu yake Henry naye alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo mwaka wa 1917.

Wakati huo haikuwako dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iligunduliwa mwaka wa 1943. Tiba ilikuwa kupumzika, kula vizuri, na kuvuta hewa safi. Mathewson akapelekwa Saranac Lake, mahali pa milima na baridi kali, ambako wagonjwa walilazwa barazani hata wakati wa theluji. Mtu yule aliyecheza zamu 27 katika siku sita sasa alikatazwa hata kuinua mkono wake. Ilimpasa alale kimya miezi mingi. Hakunung'unika. Aliitii amri ya madaktari kama alivyozitii kanuni za mchezo. Aliporuhusiwa kuketi, alicheza dama, ambayo tangu zamani alikuwa hodari wake, hata aliweza kushindana na watu kadha kwa wakati mmoja. Polepole akapata nafuu, na watu waliodhani kwamba hatapona wakamwona akitembea tena.

Mwaka wa 1923 aliitwa kuwa mkubwa wa timu ya Boston. Angeweza kubaki milimani akatunza afya yake, lakini alitamani kuurudia mchezo alioupenda. Kazi ikamchosha, na ugonjwa ukarudi. Alikufa Saranac Lake tarehe 7 Oktoba mwaka wa 1925, umri wake miaka 45. Siku hiyohiyo michezo ya mabingwa ya mwaka ule ilikuwa imeanza katika mji wa Pittsburgh. Kesho yake bendera ya uwanja ilishushwa nusu mlingoti, na wachezaji wa timu zote mbili wakafunga vitambaa vyeusi mikononi. Alizikwa Lewisburg, karibu na chuo alichosoma.

Mwaka wa 1936 watu walichagua wachezaji watano wa kwanza wa kuwekwa katika Jumba la Heshima la besiboli, lililofunguliwa Cooperstown mwaka wa 1939. Mathewson alikuwa mmoja wao, naye peke yake katika hao watano alikuwa amekwisha kufa. Hesabu ya kazi yake ni hii: alishinda michezo 373 katika ligi kubwa, na katika 79 ya michezo yake wapinzani hawakupata hata alama moja.

Hesabu hizo zimeandikwa vitabuni, wala hazitafutika. Lakini haikuandikwa hesabu ya Jumapili alizoacha kucheza kwa ajili ya mama yake, wala ya siku alizolala barazani kwa saburi. Watu waliomjua waliyakumbuka hayo pamoja na ushindi wake. Nawe mwanafunzi, utakaposhika mpira uwanjani, au kalamu darasani, au jembe shambani, kumbuka kwamba yuko mtu aliyeweza kuwanyima wapinzani wake alama zote kwa kazi ya haki, na aliposhindwa hakumwibia mtu ushindi wake.